Jina Ulilonikataza Kumpa Mwanangu

Mpendwa Baba,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwangu, Mount Druitt, mtoto amelala kifuani, kwa hiyo naandika kwa mkono mmoja. Ungekuwa hai ningekupigia simu, nawe ungesema kama ilivyokuwa kawaida yako, "Sema haraka, nina wateja," hata siku ambazo nyuma yako nilisikia redio peke yake. Sasa huna wateja. Utanisikiliza mpaka nimalize.

Ninaandika kwa Kiswahili, si Kikamba, kwa sababu Neema mke wangu ni mtu wa Dodoma na amekataa katakata barua ambayo hawezi kuisoma. Halafu ninaiacha wazi, aisome anayetaka. Nyumba yetu imekaa na midomo iliyofungwa muda mrefu na sioni faida tuliyopata.

Jambo lenyewe ni jina lako. Unakumbuka ulivyoniambia. Ilikuwa Jumapili, wiki chache baada ya sisi kufunga ndoa huku Sydney, korona haijasikika bado, nami nikakutania kwenye simu kwamba ujiandae, ukoo wako unakaribia kuongezeka. Nilitegemea ucheke. Wewe ukasema, "Ukipata kijana, usimwite mimi." Nikauliza kwa nini. "Jina langu halina lilikotoka. Mtafutie jina zima." Ukakata simu. Kwa Wakamba mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu yake mzaa baba, hilo hata mtoto mdogo analijua, na wewe ulikuwa unaniambia nikuruke kama shimo la barabarani.

Kusema kweli sikushangaa sana, maana mimi mwenyewe nilikuwa ushahidi. Ni kifungua mimba wako, na jina langu ni Kilonzo, jina la babu mzaa mama, ambalo kwa haki hupewa wa pili, yaani mdogo wangu. Wateja wako wazee walikuwa wakiniuliza, "Wewe ni wa kwanza ama wa pili?" Nikisema wa kwanza, wananitazama, wanakutazama wewe, halafu wanaagiza nyama. Kitambulisho chako kilisema Kioko Mutiso. Mimi ndiye ningekuwa Mutiso. Hukutaka jina hilo liitwe ndani ya nyumba yako, na nilikua nikijua kwamba kuna kitu nilipaswa kupewa na sikupewa, ingawa Mama, Mungu amrehemu, kila mara alinituliza kwamba Kilonzo ni jina zuri tu.

Hata bucha yako haikuwa na jina. Machakos nzima, mwenye bucha akipata ubao na rangi lazima aandike jina lake na la wanawe. Wako uliandikwa BUCHA, basi. Watu wakaiita "kwa Kioko" bila ruhusa yako. Na bado ulikuwa mtu wa kuuliza asili ya kila kitu. Nakumbuka Jumamosi zile tukienda mnadani pamoja, unamfungua mbuzi mdomo, unaniambia nihesabu meno, kisha unamgeukia muuzaji: "Mama yake yuko wapi? Dume lilikuwa la nani?" Asipojua, hununui. Nilikuwa najivunia sana kutembea na wewe siku hizo. Ulinishika shingoni kwa ule mkono wako mzito na ukaniambia siri za mbuzi mpaka tufike nyumbani.

Kisa cha Mutiso ulinisimulia mara moja tu, unanoa kisu, hunitazami. Kwamba ulikulia mjini na mama yako, Susu Ndunge kama sisi wajukuu tunavyomwita nyanya, muuza mboga, mtu wa kanisa kila siku iliyotolewa na Mungu. Kwamba alichowahi kukuambia ni kuwa baba yako anaitwa Mutiso na hayupo. Kwamba zamani, kule Mwala, mlikaa kwa bibi mmoja aliyeitwa Katunge, ambaye ulimwita nyanya, na alipokufa mkahamia mjini ukiwa mdogo. Ulipobalehe ukapanda gari peke yako ukaenda Mwala kumtafuta huyo Mutiso. Ukawakuta wanaume dukani, ukawauliza. Wakacheka. Mmoja akasema, "Katunge hakuwa na mtoto. Huyo Mutiso kamuulize yeye kaburini." Ukarudi siku hiyo hiyo na hukukanyaga tena Mwala. Hesabu ukaipiga mwenyewe: nyanya hana mtoto wa kiume, basi Mutiso ni jina la kufunikia aibu, na mwanamume aliyekuzaa ni mtu fulani aliyetoroka. "Kama hakunitaka, na mimi simtaki," ulisema, ukajaribisha kisu kwa kidole gumba.

Ulifariki mwaka ule wa kwanza wa korona. Mipaka ilikuwa imefungwa na mimi nilikuwa huku. Nilikuzika kwenye simu, Baba, niliyoiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya kupikia hapa hapa mezani. Watu wachache, barakoa, haraka haraka. Mchungaji akasoma historia yako. Unajua zinavyoanza zote: marehemu alizaliwa na marehemu fulani na marehemu fulani. Yako ikasema, "Marehemu Kioko alizaliwa na marehemu Ndunge," nukta, akaendelea na shule uliyosoma. Sijui kama wengine waliisikia ile nukta. Mimi niliisikia, na iliniuma kuliko hata udongo ulipoanza kuanguka.

Mwaka uliofuata Neema akapata ujauzito, na Sydney ikafungwa tena. Sisi wa magharibi tulifungwa zaidi ya wengine. Helikopta ya polisi juu ya mapaa, mwisho wa kutembea ni karibu na nyumbani, na mimi kwa kuwa ni nesi wa wazee nilipewa kibali kwenye simu cha kwenda kazini Penrith na kurudi. Katikati ya hayo ikaja sensa. Usicheke. Watu wamefungiwa ndani na serikali inataka kujua nani yuko ndani.

Tukaketi kuijaza, Neema na tumbo lake, mimi na kompyuta. Tulienda vizuri mpaka swali la asili ya mababu. Nikakwama.

"Andika Mkamba, twende zetu," Neema akasema. "Mgongo unaniuma."

"Mkamba wa nyumba gani? Hata babu yangu sijui ni nani."

"Kilonzo, serikali ya Australia haikuulizi babu yako. Inauliza asili."

"Ni the same thing."

"Si kitu kimoja. Na ukishamaliza kuandika, uniambie huyu akiwa wa kiume anaitwa nani. Maana nyie mna utaratibu wenu na siku zinakwenda."

"Baba alikataza jina lake. Unajua."

"Baba mkwe alifariki na ugomvi wake, Mungu ampumzishe. Mwanangu na yeye aurithi?"

Sikutaka kuvunja neno lako. Mzazi akishakufa neno lake linakuwa gumu, huwezi kumrudia ukambembeleza. Lakini pia sikutaka mwanangu akue kama mimi, akiulizwa kama ni wa kwanza ama wa pili. Nikaandika Mkamba, nikafunga kompyuta, na sikulala vizuri siku kadhaa.

Kazini kuna mama mmoja anaitwa Maureen. Huku wazee wanaitwa majina yao hivyo hivyo tu, kitu ambacho mdomo wangu umekataa, kwa hiyo namwita Mama Maureen na amezoea. Wageni walikuwa wamekatazwa, watoto wake wanampungia mkono dirishani kutoka kwenye maua, na yeye ameamua kujipitishia muda kwa kutafuta ukoo wake Uingereza katika sensa za zamani, ambazo kule watu wanaruhusiwa kuzisoma, majina na yote. Nikimpimia presha ananionyesha. Huyu alikuwa fundi viatu. Huyu alikuwa na watoto wengi kuliko vitanda. Siku moja akaniambia kwamba bibi yake mkuu ameandikwa kuwa mdogo wa mama yake mzazi. Binti alizaa kabla ya ndoa, wazazi wake wakamchukua mtoto wakasema ni wao.

"Sasa sensa ilidanganya?" nikauliza.

"Sensa haikudanganya. Mtu alisimama mlangoni akauliza, akaandika alichoambiwa. Wewe ungekuwa na sababu, usingemwambia anachotaka kusikia?"

Nikajikuta nimemweleza habari zako zote, mimi ambaye hata wenzangu wa Kenya hapa sijawaambia. Akanisikiliza na kile kifaa cha presha bado mkononi mwake. Akasema nitafute sensa za kwetu. Nikamwandikia Mutheu, binamu yangu wa Mwala. Huyu simjui kwa uso. Ni mjukuu wa Susu Syombua, mdogo wake mama yako, na tulikutana kwenye lile kundi la WhatsApp la kamati ya mazishi yako, aliposema pole na kujitambulisha. Mutheu ni mtu wa vitendo. Akaenda ofisini Machakos akauliza, na karani akamweleza kwa upole kwamba kwetu za zamani zimebaki jumla tu, watu wangapi, nyumba ngapi, majina hayatolewi.

Nilipomrudishia Mama Maureen jibu hilo akavua miwani. "Huyo mdogo wake nyanya yako bado yuko hai?"

"Yuko."

"Ana akili zake?"

"Mutheu anasema ana zake na za wengine."

"Basi unapoteza muda na ofisi kwa nini? Mpigie kabla hajafa."

Nilipiga. Kwao asubuhi, kwangu jua linazama, Neema ameketi kando yangu ingawa Kikamba hakijui, akisubiri nimtafsirie. Mutheu akashika simu karibu mno, nikaona paji la uso na kitambaa. Tukasalimiana, tukaombeana, tukalalamikia korona. Halafu nikauliza lile ulilouliza wewe dukani.

"Susu, Mutiso alikwenda wapi?"

"Mutiso gani?"

"Baba yake Baba."

"Kwani Kioko hakukuambia?"

"Baba hakujua, Susu. Alikufa akisema alitorokwa."

Akamwambia Mutheu azime redio. "Hakujua," akarudia. "Sisi tulidhani alijua. Tulisema amekuwa mtu wa mjini, anatuonea aibu kwa kuwa mama yake alikuwa iweto. Ndiyo maana harudi."

Baba, ulilijua neno hilo. Sote tunalijua, kama jambo la watu wengine. Mwanamke asiyejaliwa mtoto anatoa mbuzi, anaoa msichana, na watoto wa yule msichana wanakuwa wa nyumba yake. Sikuwahi kufikiri linaweza kuwa letu, na wewe pia hukufikiri, vinginevyo usingepanda lile gari.

Susu akasimulia, na mimi nikimtafsiria Neema vipande vipande. Katunge aliolewa na mtu aliyeitwa Kioko, mwana wa Mutiso. Hawakupata mtoto. Mume akafa. Katunge akabaki na shamba na mbuzi wazuri, na akakataa nyumba ya mumewe izimike. Alijua kabisa kwamba angepata mtoto wa kiume angeitwa Mutiso, jina la babu yake. Basi akasema mtoto wangu Mutiso anataka mke. Akawapeleka mbuzi wa ntheo kwa baba yao Ndunge, wale mbuzi ambao kwetu bila wao hakuna ndoa, na Susu Syombua, msichana mdogo wakati huo, alikula nyama yao mpaka akaumwa tumbo. Dada yake akaenda kuwa mke wa Mutiso na mkaza mwana wa Katunge. Ukazaliwa wewe. Na kwa kuwa ulikuwa mtoto wa kwanza wa Mutiso, ukapewa jina la babu yako, mume wa Katunge. Kioko.

"Kwa hiyo Mutiso..." nilianza.

"Angezaliwa na nani? Si nakwambia Katunge hakuzaa." Akacheka, kisha akajifuta macho na ncha ya leso. "Lakini alikuwepo. Wale watu wa kuhesabu walipopita, karani aliuliza mwanamume wa nyumba hii ni nani. Katunge akamwambia, Mutiso. Yuko wapi? Hajafika. Akaandika. Mimi nilikuwa pale, nimembeba baba yako."

Nikamuuliza kwa nini mama yako alikaa kimya. Akasema Katunge alipofariki shemeji zake walitaka shamba, wakasema ndoa ya wanawake si ndoa, na kanisani nako Ndunge alikokimbilia wakasema vivyo hivyo, kwamba ni upagani. Akiungama wamtenge, akikataa amkane Katunge. Akaona anyamaze. Akamwapisha na mdogo wake, Susu mwenyewe, asiseme nje. "Alimpenda Katunge," Susu akasema. "Walikuwa wakicheka shambani unawasikia kutoka mtoni. Ungemweleza vipi mchungaji kitu kama hicho?"

Neema akaniuliza kwa sauti ya chini lile ambalo hata wewe unalisubiri. Nikalitafsiri kwa aibu: na yule mwanamume hasa, aliyemzaa Baba, alikuwa nani?

Susu akashangaa kweli kweli. "Huyo haulizwi. Alitoa mbuzi hata mmoja?"

Basi hilo silijui, na nimeamua silitafuti. Mama Maureen amenishawishi mara mbili nitume mate kwa posta yakapimwe asili, kama yeye. Nimemwambia asante. Damu yako labda ni ya mtu fulani wa Mwala aliyepita jioni akaenda zake. Wewe ulikuwa wa Katunge.

Siku zilizofuata nilikukasirikia, nikuambie ukweli. Nilikaa kwenye treni ya Penrith, barakoa imelowa machozi, behewa zima niko peke yangu, nikifikiria miaka yako yote uliyomkasirikia mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Hakuna aliyekutoroka. Hakuna aliyekutazama akakukataa. Wale wanaume walikucheka dukani kwa kuwa walidhani unajua na umekuja kudai shamba, ndivyo Susu anavyosema, na kama ungebaki pale dakika chache zaidi pengine mmoja wao angekueleza. Ulikuwa na haraka siku zote. Lakini hasira yangu haikudumu. Nilianza kukuona mdogo, mgongoni kwa mwanamke aliyetoa mbuzi wake bora ili wewe upatikane. Watoto wengi huja tu. Wewe uliombwa, ukalipiwa, ukatengenezewa hata baba. Nilitamani sana nikupigie nikuambie hivyo, na wewe uniambie niseme haraka.

Likabaki neno lako. Nikampigia Susu tena, nikamweleza ulivyonikataza. Nilimwambia wazi kwamba naogopa. Akauliza, "Alisema nini hasa?"

"Kwamba jina lake halina lilikotoka."

"Basi alikosea. Limetoka kwa mume wa Katunge, nami nalijua kaburi lake. Mimi ndiye mkubwa aliyebaki wa nyumba hiyo. Neno hilo nimeliondoa. Zaeni."

Neema akazaa kwa upasuaji mwezi wa kumi, wiki ile ile vinyozi walipofunguliwa na mitaa yote ya Mount Druitt ikajaa wanaume wenye nywele ndefu kwenye foleni. Niliruhusiwa kuingia mimi tu. Ni mvulana, Baba. Ana paji lako la uso, na akilia anakunja ngumi kama mtu aliyepunjwa nyama. Wakamfunga utepe mguuni ulioandikwa "Mtoto wa Neema", kwa kuwa jina tulikuwa hatujalisema, na mkunga kila akiingia anauliza, "Have we got a name yet?" Neema ananitazama. Nami nikawa namwambia tunawangoja wazee wa nyumbani.

Siku ya tatu, ambayo kwetu ndiyo ya kumpa mtoto jina, tulikuwa tumerudi nyumbani, nikanunua nyama ya mbuzi kwenye bucha ya Mwafghani pale karibu na stesheni. Nisamehe, inakatwa na msumeno wa umeme, vipande vyote sawa, huwezi kujua kipi ni cha mzee na kipi ni cha mtoto. Nikaichemsha hivyo hivyo. Tukampigia Susu Syombua. Alikuwa amevaa vizuri, ameketi kwenye kiti nje, na mbele yake kikombe cha maziwa.

Nikamnyanyua mtoto mbele ya simu.

"Anaitwa nani?" Susu akauliza.

"Kioko," nikasema. Nilikuwa sijawahi kulisema nikiwa namtazama.

Akanywa maziwa, na kama wazee wetu wanavyobariki akayatema juu ya mtoto, yaani juu ya kioo cha simu ya Mutheu. Picha yote ikawa nyeupe.

"Susu, aki hiyo ni phone yangu. Na hii corona?"

"Corona ya nini? Huyu ni mtoto wetu. Pangusa."

Neema alicheka mpaka akashika mshono. Mutheu akapangusa, na uso wa Susu ukarudi, karibu sana, umetulia.

"Baba yako alizaliwa alfajiri," akasema. "Nilikuwa nimelala kwao. Katunge hakungoja hata kunywa uji. Alitoka nje bila shuka, na baridi ile, akapita boma kwa boma anapiga kelele, 'Mutiso amepata mtoto.' Wanawake wakatoka wakapiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza Mutiso yupi." Akaweka kikombe chini. "Wewe ndiye wa kwanza wa Kioko?"

"Ndiyo, Susu."

"Jina lako nani?"

"Kilonzo."

"Hilo ni la kwa mama yako. Mtoto wa kwanza wa Kioko ni nani?"

Neema alinitazama, hakuhitaji tafsiri.

Susu akamwambia Mutheu amshike mkono. Simu ikayumba, nikaona mawingu, ukuta, kuku, kisha lango. Susu Syombua alisimama barabarani kwa miguu yake mibovu, Mwala, mahali ulipochekwa ukaondoka, akavuta pumzi, na mimi hapa jikoni na mwanangu mikononi nikamsikia akiwatangazia majirani, "Mutiso amepata mtoto."

Walipiga vigelegele, Baba. Nimewasikia.

Basi pumzika sasa, hasira ziishe. Kioko anakusalimu.

Mwanao wa kwanza,
Mutiso